Tarumbeta ipo, meno hayapo: historia ya wapulizaji walionyamazishwa na kinywa



Jumapili iliyopita nilikuwa kwenye ibada chini ya hema, pamoja na familia zilizokimbia vijiji vyao. Fanfari ilikuwa na tarumbeta mbili, tromboni moja iliyofungwa waya, na ngoma kubwa. Anayepiga ngoma hiyo ni mzee ambaye kwao alijulikana kwa tarumbeta. Siku ya kukimbia aliacha mbuzi, kitanda na akiba ya maharagwe, lakini tarumbeta aliibeba mgongoni ndani ya kitenge. Leo anayeipuliza ni mjukuu wake.

Baada ya ibada kijana mmoja alimuuliza, «Papa, kwa nini wewe hupulizi tena?»

Mzee hakusema neno. Alifungua kinywa tu. Meno mawili ya mbele, upande wa juu, hayapo.

Vijana wengine walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mimi nilirudi nyumbani na swali. Jino ni kitu kidogo. Linawezaje kumnyang'anya mtu kazi aliyoifanya miaka mingi? Nimetafuta jibu katika historia ya wapulizaji, na nimeona kwamba mzee wetu hayuko peke yake. Wakubwa wa muziki duniani walipita njia hiyohiyo. Mmoja wao alirudi kwa sababu watu walimchangia meno.

Mdomo unaegemea meno

Wengi tunadhani tarumbeta inapulizwa kwa nguvu ya kifua. Kifua kinatoa hewa tu. Sauti inazaliwa kwenye midomo. Mpulizaji anaibana midomo, hewa inapita katikati, midomo inatetemeka, na kile kikombe kidogo cha chuma kinapeleka mtetemo huo ndani ya bomba. Sasa bana midomo yako uone: nyuma yake kuna nini? Kuna meno. Meno ya mbele ndiyo ukuta ambao mdomo unauegemea. Ukuta ukiwa na pengo, mdomo unazama ndani, hewa inatoroka, na nota za juu zinakuwa za kwanza kupotea.

Kila chombo kina namna yake. Kwenye tarumbeta, tromboni na tuba, kikombe kinakandamiza midomo juu ya meno ya juu na ya chini. Kwenye saksofoni na klarineti, kwa kawaida meno ya juu yanakaa juu ya mdomo wa chombo, na mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno ya chini ili kushika kipande chembamba cha mwanzi. Kwenye obo na basuni, midomo yote miwili inakunjwa juu ya meno. Kwenye filimbi hakuna kitu kinachoingia kinywani, lakini midomo bado inahitaji ukuta ili itengeneze tundu dogo la hewa. Mwaka 1939 daktari wa meno Mmarekani, Edward Strayer, aliandika juu ya vyombo vya kupuliza akivigawa katika makundi hayo manne kufuatana na vinavyokutana na kinywa. Mpaka leo madaktari wengi wa meno wanatumia mgawanyo wake.

Kwa hiyo mwenye saksofoni anaweza kuvumilia pengo ambalo mwenye tarumbeta hawezi. Lakini hakuna mpulizaji ambaye meno yake hayamhusu.

Mfalme aliyependa sukari

Twende sasa New Orleans, mji wa bandari kusini mwa Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20, wajukuu wa watumwa walichukua vyombo vya fanfari za kijeshi wakavifanya viseme lugha nyingine. Muziki huo ukaja kuitwa jazi. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Joe Oliver, mpulizaji wa korneti, ndugu mdogo wa tarumbeta. Watu walimpa jina la King, yaani Mfalme.

Oliver alihamia Chicago, kaskazini, na mwaka 1922 alimwita kijana mmoja wa nyumbani aje kupuliza pamoja naye. Kijana huyo alikuwa Louis Armstrong. Aprili 1923 bendi yao ilirekodi sahani katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, na hizo ndizo sahani za kwanza ambazo Armstrong anasikika. Mfalme na mwanafunzi wake walipuliza pamoja, na mpaka leo watu wanazisikiliza.

Lakini Oliver alikuwa na tabia moja iliyojulikana sana: alipenda kula mkate uliojazwa sukari. Pia alipata ugonjwa wa ufizi. Ugonjwa huu hauanzi kwa maumivu makali. Ufizi unatoa damu wakati wa kupiga mswaki, unavimba, kinywa kinanuka. Taratibu mfupa unaoshika jino unaliwa, na jino linaanza kucheza. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni shida ya kutafuna. Kwa Oliver ilikuwa shida ya kazi, kwa sababu kila nota ilimtaka akandamize chuma juu ya meno yanayocheza.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, katika sahani zake mwenyewe, alikuwa anawaachia vijana wa bendi sehemu ngumu za kupuliza. Mambo mengine yakamwandama. Mwaka 1927 alikataa kazi kwenye ukumbi wa Cotton Club jijini New York kwa kuona malipo ni madogo. Duke Ellington akaichukua, na jina lake likavuma. Kisha uchumi wa Marekani ukaanguka, benki ikafa na akiba yake. Oliver akaendelea kuzunguka majimbo ya kusini na bendi, meno yakipungua mwaka hadi mwaka, mpaka akashindwa kupuliza kabisa.

Alimalizia siku zake Savannah, jimbo la Georgia, akisafisha ukumbi wa kuchezea biliadi. Armstrong, ambaye sasa alikuwa nyota wa dunia, alisimulia kwamba alipopita mji huo alimkuta mwalimu wake akiuza mboga barabarani. Oliver alifariki Aprili 1938. Dada yake alitumia pesa za kodi ya nyumba ili mwili usafirishwe mpaka New York kuzikwa.

Tusiseme kwamba meno ndiyo yaliyomuua. Alikuwa na maradhi mengine, na umaskini haukumruhusu kujitibu. Lakini meno ndiyo yaliyomnyamazisha kabla ya kifo.

Mwanafunzi wake alifika Kongo

Habari hii haiko mbali nasi kama inavyoonekana. Mwishoni mwa Oktoba 1960, miezi minne tu baada ya uhuru wetu, Louis Armstrong alitua Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Watu walimpokea kwa shangwe, wakambeba kwenye kiti kama chifu. Novemba alipiga pia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nchi ilikuwa imegawanyika, Katanga imejitenga, Lumumba amezuiliwa nyumbani kwake. Safari hiyo ilipangwa na serikali ya Marekani, ambayo ilikuwa na mahesabu yake. Lakini tarumbeta iliyosikika siku zile ilitoka moja kwa moja kwenye mkono wa Joe Oliver.

Armstrong naye alikuwa na kidonda chake. Shida yake kubwa ilikuwa midomo. Alikandamiza chombo kwa nguvu mno, na midomo ilipasuka na kubaki na makovu. Mwaka 1982 daktari mmoja aliandika juu ya wapiga tarumbeta ambao msuli unaozunguka mdomo umechanika, na ugonjwa huo akaupa jina la utani la Armstrong, Satchmo.

Sisi wenyewe hatukufundishwa kupuliza na Wazungu. Kabla yao, wazee wa pande nyingi za nchi hii walipuliza pembe za wanyama na za ndovu. Ngome ya Mangbetu, kaskazini mashariki, ilikuwa maarufu kwa baragumu za pembe za ndovu zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Baadaye vyombo vya chuma vikaja na jeshi la kikoloni, Force Publique, na shule za misheni. Kutoka hapo tukapata fanfari za makanisa, ile ya Wakimbanguisti ikiwa kati ya zinazojulikana zaidi, na saksofoni ndani ya rumba. Nani asiyelijua jina la Verckys Kiamuangana, aliyepuliza saksofoni katika OK Jazz ya Franco? Sauti zote hizo ziliegemea meno ya watu.

Mtu aliyechangiwa meno

Sasa tumfikie yule ambaye habari yake ndiyo iliyonifanya niandike. Anaitwa Bunk Johnson, naye ni mtoto wa New Orleans, mpulizaji wa tarumbeta.

Mwaka 1931 alikuwa anapiga na bendi katika mji mdogo wa Rayne, jimbo la Louisiana. Katikati ya dansi mtu mwenye kisu alimvamia kiongozi wa bendi, Evan Thomas, akamuua. Katika vurugu ile tarumbeta ya Johnson iliharibiwa. Miaka hiyohiyo meno yake nayo yalikwisha. Mtu asiye na chombo wala meno atafanya nini? Alirudi New Iberia, akafanya vibarua na kuendesha lori. Majirani wengi walimwona kama mfanyakazi tu. Muziki ukawa habari ya zamani.

Miaka ya mwisho ya 1930, watu waliokuwa wakiandika kitabu cha historia ya jazi walisikia jina lake kwa wazee. Walimwandikia barua. Akajibu kwamba bado anaweza kupuliza, lakini anahitaji vitu viwili: tarumbeta na meno. Kitabu hicho, Jazzmen, kilitoka mwaka 1939.

Basi watu wakachanga. Mmoja alitoa kidogo, mwingine kidogo, mpaka chombo kikapatikana. Na meno yalitengenezwa na Leonard Bechet, daktari wa meno wa New Orleans, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni na kaka wa Sidney Bechet, bingwa wa klarineti na saksofoni. Fikirini jambo hilo. Fundi aliyetengeneza meno alijua kwa mdomo wake mwenyewe mpulizaji anataka nini.

Mwaka 1942 Bunk Johnson alirekodi sahani yake ya kwanza, baada ya miaka kumi na zaidi bila jukwaa. Mwaka 1945 alipiga New York na watu wakajaa. Alifariki mwaka 1949. Wengine walisema sauti yake haikuwa tena ile ya ujana. Inawezekana. Lakini kama si ule mchango, tusingekuwa na sauti yake hata moja.

Kujifunza upya

Wa tatu ni Chet Baker, Mmarekani mzungu, mpiga tarumbeta mwenye sauti laini. Mwaka 1966, huko California, alipigwa na watu na meno yake yakaharibika. Dawa za kulevya zilikuwa zimekwisha kumdhoofisha, meno pamoja na mwili. Hatimaye aliwekewa meno ya bandia, akagundua kwamba hawezi tena kutoa nota. Kwa simulizi yake mwenyewe, kwa muda alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Ilimchukua miaka kujifunza upya, kama mtoto anayeanza. Mwaka 1973 alirudi kwenye majukwaa ya New York, akaendelea kupiga mpaka alipofariki Amsterdam mwaka 1988.

Kwa nini meno ya bandia ni magumu kwa mpulizaji? Seti nzima ya juu inashikwa na mate na mvuto wa hewa kwenye kaakaa. Ukipuliza, hewa ndani ya kinywa inaisukuma kutoka mahali pake. Mtu anapaswa kutafuta upya pembe ya chombo, nguvu ya midomo, kila kitu. Inawezekana, Baker na Johnson wameonyesha. Lakini inataka subira, na fundi anayesikiliza.

Habari hizi zinatuhusu vipi?

Ugonjwa, kipigo, umaskini. Hayo ndiyo yaliyowapokonya watu hawa sauti zao. Ndugu zangu mliokimbia, yote hayo mnayajua kuliko mimi. Mtu anayekimbia usiku habebi mswaki. Kambini maji ni ya bidoni moja kwa familia nzima, na mtoto anayelia njaa ananyamazishwa kwa pipi au chai yenye sukari nyingi. Jino likiuma, linang'olewa, kwa sababu kung'oa ni rahisi kuliko kuziba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Hatuko peke yetu, lakini sisi tuko mbali na daktari.

Kwanza niondoe hofu moja. Wazazi wengine wanasema tarumbeta inaozesha meno ya watoto. Si kweli. Meno yanaozeshwa na sukari na ukoga unaobaki juu yake. Mwacheni mtoto apulize, lakini mchungeni kinywa.

Yanayowezekana hata kwenye hema ni haya:

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku kabla ya kulala ndiyo mara ambayo haifai kukosa. Dawa ya meno yenye floridi ikipatikana, tumia kidogo, tema, usisukutue kwa maji mengi. Isipopatikana, mswaki wa mti uliotafunwa vizuri ni bora kuliko kuacha. Ufizi ukitoa damu usiache kusugua. Damu hiyo inakuambia kuna ukoga. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa mswaki, unahitaji mtu wa meno auondoe.

Sukari iwe pamoja na chakula, isiwe ya kulamba siku nzima. Na mpulizaji asukutue kinywa kwa maji kabla ya kushika chombo, maana chai tamu inayobaki mdomoni inaingia hata ndani ya bomba.

Mkitumia tarumbeta moja watu watatu, osheni kile kikombe cha mdomoni kwa maji na sabuni kabla ya kumpa mwenzako. Kupangusa kwa shati hakutoshi.

Jino la mbele likiuma, mwambie daktari au muuguzi kabla hajashika koleo: «Mimi ninapuliza.» Uliza kama linaweza kuzibwa. Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, lakini mara nyingi hatuulizi kabisa. Na kama daktari wa meno yuko karibu na meno yako bado ni mazima, mwombe akuchukulie chapa ya meno hayo. Siku yakipotea, fundi atajua yalikaaje.

La mwisho, kwa ajili ya ajali na vipigo: jino la mtu mzima likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze haraka, usilisugue. Lirudishe mahali pake, au liweke ndani ya maziwa, na mkimbilie hospitali. Ndani ya saa moja kuna tumaini kubwa la kulishikisha tena. Jino la utotoni halirudishwi.

Mchango wa fanfari

Fanfari zetu zinajua kuchanga. Tunachanga kwa kitambaa cha sare, kwa ngozi ya ngoma, kwa usafiri wa kwenda kuimba mahali pengine. Ni mara chache nimesikia parokia au kanisa likichanga kwa meno ya mpulizaji. Tunaona meno kama jambo la urembo, la mtu binafsi, na mzee asiye na meno tunampa ngoma na kumwambia pole.

Watu waliomchangia Bunk Johnson waliona tofauti. Waliona kwamba kununua tarumbeta bila meno ni kununua nusu ya chombo.

Jana nilirudi kambini kumsimulia mzee wetu habari hii. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: «Huyo wa meno ya bandia, alipuliza kweli?» Nikamwambia ndiyo, na sahani zake zipo. Akamwita mjukuu wake, akachukua tarumbeta, akaipangusa, akaiweka midomoni. Ilitoka hewa tupu. Akamrudishia mtoto, akamwambia, «Kwanza nionyeshe meno.»

Mtoto alifungua kinywa. Mzee alimkagua taratibu, jino kwa jino, kama anavyokagua vali za chombo. Kisha akamtuma akachote maji.